Betri ya pili kwenye lori: maswali yenu

Nikiunga betri ya dipu saiko (ile ya pili, ya kutumia taratibu kwa muda mrefu) moja kwa moja na ile ya stata ya kuwashia injini, kuna ubaya gani?

Itachaji vizuri tu. Ila ukilala friji na taa zikiwa kazini, betri zote mbili zitashuka pamoja, na alfajiri lori haliwaki. Weka rilei ya kutenganisha katikati, yaani swichi ya umeme inayounga na kuachanisha betri hizo. Zile zinazosoma volti huunga betri zenyewe altaneta (jenereta ya injini inayochaji betri) ikifikisha kama volti 13.3, na huachanisha volti zikishuka hadi 12.8 hivi.

Rilei ipo, naendesha kutwa, lakini betri ya nyuma, ile ya pili, haijai. Nibadilishe altaneta?

Acha altaneta kwanza, angalia waya. Waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, urefu mita 5, ukipitisha ampea 30 unakula karibu nusu volti. Altaneta inatoa 14.2, betri inaambulia 13.7 na ushee. Hapo itachukua muda mrefu mno kujaa. Ukiweka waya wa milimita 16 za mraba, upotevu unashuka chini ya volti 0.2.

Halafu ethi, waya wa hasi unaofungwa kwenye chesisi, ambayo wengi huifunga juu ya rangi na kutu. Kwangua chesisi mpaka chuma king'ae, kaza nati, ndipo upake grisi. Pima betri ya nyuma ikiwa imeshuka na injini inaunguruma: mita kwenye terminali za betri ya mbele, kisha za nyuma. Tofauti utakayoona ndiyo inayoliwa njiani.

Fyuzi moja haitoshi?

Haitoshi. Waya wa chanya unaounga betri hizo una betri kila upande. Ukichubuka na kugusa chesisi, zote mbili zinamwaga umeme hapo. Fyuzi kila ncha, karibu kabisa na terminali ya chanya, na ukubwa wake ufuate waya, maana unaoungua ni waya.

Betri ya ampea-saa 100 itasukuma friji mpaka lini?

Kama ni ya kawaida, ya madini ya risasi na asidi, hesabu nusu tu, ukiishusha zaidi mara kwa mara unaiua. Friji ya wastani wa ampea 4: saa 12 hivi.

Na lithiamu?

Rilei peke yake sishauri. Lithiamu ina njaa, inaweza kuvuta mpaka altaneta ichemke. Nunua chaja ya betri kwa betri yenye kikomo cha ampea.

Lori langu ni la volti 24. Nichukue 12 kwenye betri moja kati ya mbili zake?

Usithubutu. Hiyo moja itabaki na njaa, mwenzake atachajiwa kupita kiasi, na zote zitakufa mapema. Funga konvata, kifaa cha kushusha volti 24 kwenda 12.