Stenti ya mzee imebana tena: kuna haja ya picha ya ndani ya mshipa?

Swali: Daktari, salaam kutoka Arua. Baba yangu ana miaka 64 na ana kisukari. Miaka miwili iliyopita aliwekewa stenti moja ya moyo, kile kibomba cha waya kinachoshikilia mshipa uwe wazi, huko Kampala. Sasa kifua kinambana tena akitembea kupanda. Wamempiga picha ya dai, ile dawa inayoingizwa mshipani ili ionekane kwenye eksirei, wakakuta ndani ya stenti ileile pamekuwa pembamba. Daktari wake anataka kwanza aingize kamera ndani ya mshipa, na hiyo ina malipo yake mbali. Familia inauliza: picha si wameshapiga? Na kati ya aina zake mbili, IVUS na OCT, ipi inamfaa? Figo zake pia wametuambia haziko vizuri.

Jibu: Pole kwa mzee, na poleni nyote mnaochanga hela. Nianze na jibu lenyewe: kwa hali ya baba yako, daktari wake ameomba jambo la haki. Ningekuwa mimi chumbani ningeomba hilohilo.

Picha ya dai inaonyesha mahali damu inapopita, basi. Mkija Kampala mnavuka daraja la Pakwach. Mkitazama chini mnaona upana wa maji, lakini kama kule chini kuna mwamba au mchanga hamjui. Ndivyo ilivyo kwa dai. Ukuta wa mshipa hatuuoni, chokaa iliyoganda ukutani tunaiona kwa kubahatisha, na stenti yenyewe inaonekana kama ukungu mwembamba wa waya.

Stenti ikibana tena, swali la kwanza ni kwa nini, maana tiba inafuata sababu. Huenda tangu siku ya kwanza haikufunguka sawasawa, labda kwa kuwa nyuma yake kuna chokaa ngumu iliyokataa kusukumwa. Huenda ilifunguka vizuri, ila nyama ya kovu imeota ndani yake. Kwa wenye kisukari hilo hutokea zaidi. Au mafuta mapya yamejijenga juu ya ile stenti ya zamani. Kwenye picha ya dai, yote matatu yanafanana: mshipa mpana, halafu kiuno chembamba, halafu mpana tena.

Tiba zake sasa. Kama ni kovu, tunalipanua kwa puto, kisha tunaweka puto lililopakwa dawa au stenti mpya yenye dawa. Kama stenti haikufunguka, kazi ni kuifungua: puto gumu la presha kubwa, au puto la mawimbi ya mshtuko linalopasua chokaa. Ukichomeka stenti ya pili ndani ya ile iliyokunjamana bila kuifungua kwanza, umeongeza chuma juu ya chuma na njia imezidi kuwa nyembamba. Nimeliona hilo wakati najifunza kazi hii. Mgonjwa aliwekewa stenti, picha ya dai ikapendeza, tukampongeza na kumruhusu. Baada ya miezi alirudi na maumivu yaleyale, akaongezewa nyingine. Aliporudi mara ya tatu ndipo tulipopitisha IVUS, na kwenye skrini zikaonekana pete mbili za nukta nyeupe, moja ndani ya nyingine, zote zimebanwa upande mmoja na tao la chokaa. Jibu lilikuwa limekaa pale tangu mwanzo.

Tena kosa la kipimo ni dogo kwa macho tu. Tuseme mshipa ulitaka stenti ifunguke milimita 3, ikaishia 2.5. Nusu milimita utasema ni nini? Lakini damu inapita kwenye eneo la duara. Duara la milimita 3 lina milimita mraba 7 hivi, la 2.5 halifiki 5. Karibu theluthi ya njia imepotea.

Hizo mnazoita kamera ni vitu viwili tofauti. IVUS ni ultrasaundi ileile wanayopimwa kina mama wajawazito, isipokuwa imewekwa kwenye mrija wa unene wa milimita 1 hivi, unaoteleza juu ya waya hadi ndani ya mshipa. Unavutwa polepole kurudi nyuma, na skrini inaonyesha mshipa kipande kwa kipande, kama shina la mti lililokatwa kwa msumeno. Chokaa inang'aa nyeupe na kutupa kivuli cheusi nyuma yake. OCT yenyewe inatumia mwanga usioonekana kwa macho. Picha yake ni kali zaidi, inatofautisha vitu vya mikroni 10 hadi 20 (mikroni elfu moja ni milimita 1), ilhali IVUS iko kwenye 100 na zaidi. Mwanga unapita ndani ya chokaa, kwa hiyo unene wake unapimika. Ila hauendi mbali ukutani, milimita 1 au 2 tu; IVUS inafika mbali zaidi.

Kwa stenti iliyobana, wengi wetu tungependa OCT kwa ukali huo. Lakini damu inazuia mwanga, kwa hiyo lazima mshipa usafishwe kwa dai kila mara mrija unapovutwa, na dai ndiyo inayozichosha figo. IVUS haihitaji dai kabisa. Mwenye uzoefu nayo anaweza hata kupunguza dai ya kazi nzima. Kwa figo za baba yako ningechagua IVUS. Kama hospitali ina OCT tu, zungumzeni na daktari kuhusu kiasi cha dai, na apime kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, kabla na baada.

Je, inaleta faida, au ni picha nzuri tu? Utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa 2023 ulichukua wagonjwa 1,639 wenye mishipa migumu kutibika, wakiwemo wa stenti zilizobana kama mzee. Kifo cha moyo, shambulio la moyo kutoka mshipa uliotibiwa, au kulazimika kuufungua tena, vilifika asilimia 7.7 kwa waliopigwa picha ya ndani na 12.3 kwa waliotegemea dai peke yake. Mwaka huohuo utafiti mwingine wa OCT, wa watu 2,487, uliona stenti zimefunguka zaidi, lakini jumla ya madhara ya aina hiyo haikupungua kwa kiwango cha kutosha kuthibitika. Kwa hiyo mtu ambaye mshipa wake umebana sehemu fupi, laini, mahali rahisi, nisingemlazimisha auze ng'ombe kwa ajili ya picha hii. Baba yako hayumo kundi hilo. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa 2024 unaiweka kwenye daraja la juu kabisa la mapendekezo kwa mishipa iliyo migumu kutibika.

Hatari zake ni chache. Mshipa unaweza kujikaza, na tunatoa dawa ya kuulegeza kabla. Mara chache sana mrija hukwaruza ukuta.

Kabla hamjapanda basi, pigeni simu mhakikishe mashine inafanya kazi na mrija wake upo siku hiyo, kwa sababu ni wa kutumia mara moja na ndio unaobeba sehemu kubwa ya bei. Ombeni gharama kwa maandishi: mrija, puto, na stenti kama itahitajika. Muulizeni daktari pia: ukikuta stenti haikufunguka, unalo puto la kuvunja chokaa? Na aspirini na dawa zake nyingine za kuzuia damu kuganda mzee asiziache hata siku moja kwa ajili ya safari. Aje nazo mfukoni, pamoja na karatasi ya stenti ya kwanza. Kipimo chake kimeandikwa humo.