Mashua ya mtumba usiitazame ikielea

Juzi asubuhi nimewakuta vijana watatu dikoni, maji yamejaa pomoni, wanapatana bei ya mashua ikiwa nangani. Mmoja anapiga picha rangi. Rangi! Nikawauliza, mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo, mmeuona? Wakacheka: "Mzee, si uko chini ya maji?" Ndiyo maana naandika, wadogo zangu, kwani na mimi nilicheka hivyohivyo.

1. Nenda siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukipevuka. Maji yatoke, chombo kipwelewe, ulale chali mchangani uikague kuanzia omo hadi tezi. Muuzaji akisema leo haiwezekani, rudi kesho. Akisema kesho pia haiwezekani, nenda kanywe chai.

2. Chukua kisu chenye ncha. Choma mkuku, choma ubao unaoshikana nao, choma na miguu ya mataruma, zile mbavu za chombo. Kikizama kama kwenye papai, umeshajibiwa. Wale wadudu wa bahari huingia wangali wadogo, tundu la nje kama la sindano, wakanenepea ndani. Ubao unauona mzima, kumbe mtupu.

Mimi sikuwa na kisu. Nilikuwa na milioni tano, nusu yake ya kikoba cha mke wangu, na haraka ya kuwahi msimu. Nikainua mbao za sakafu, chini kwenye ngama nikakuta saruji imesakafiwa laini kama sebule. Wallahi nilifurahi. Nikajisemea, huyu mtu msafi! Sikujiuliza nani anasakafia chombo cha mbao, na anaficha nini. Mbao hupinda na kurudi kila wimbi. Saruji haijui kupinda. Safari ya tatu, upepo wa kusi ndiyo kwanza umeanza, ikapasuka. Tah! Tulifua maji kwa ndoo na madumu yaliyokatwa tangu adhuhuri hadi jua linazama. Barafu na samaki tukavitosa. Mpishi wetu, ambaye msikitini hajulikani, siku hiyo ndiye aliyeongoza dua.

Fundi alipoibandua ile saruji, mkuku ulikuwa sega la nyuki. Hakunitukana. Akaokota bonge moja, akaniwekea mkononi: "Mpelekee mkeo, ajengee jiko." Kubadilisha mkuku ni kubandua mbao za chini, kwa hiyo niliuza mashine ili nimlipe fundi, nikabaki na mashua nzima na kasia mbili. Bonge lenyewe lipo hadi leo. Mke wangu analizuilia mlango, na kila nikipita ananitazama.

3. Kalafati, ile pamba ya kuziba maungio ya mbao: ivute kwa ncha ya msumari. Ikitoka kavu kama ya godoro bovu, punguza bei.

4. Mashine iwashwe ikiwa baridi. Ishike kwanza, usije ukakuta imeshapashwa moto kabla hujafika. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

5. Jina kwenye usajili wa TASAC, wakala wa serikali wa meli, liwe la huyo anayekuuzia. Muulize na mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni, maana kuna mashua huuzwa na shemeji huku mwenyewe yuko dago, kambi ya uvuvi ya mbali.

6. Nahodha atakudanganya. Mtafute mtoto anayefua maji, mnunulie soda, muulize kwa siku anafua ndoo ngapi.

Wale vijana wameazima kisu changu. Bamvua ni Jumamosi. Wakikirudisha kimevunjika ncha, wala sitawadai.