Betri ya sola na msamaha wa VAT: maswali yenu

Mpwa wangu yuko Ohio. Anasema kule ukifunga betri ya sola nyumbani, serikali inakupunguzia kodi asilimia 30 ya gharama. Hapa Dodoma fomu yake naipata wapi? (Mama wa Nkuhungu)

Mama, usipange foleni TRA, fomu haipo. Mpwa wako hakudanganya, ila habari yake imechacha. Marekani walikuwa na punguzo hilo kwenye kodi ya mapato, betri ikiwemo mradi ibebe angalau kilowati-saa 3. Sheria ya Julai 2025 ikalifuta kwa gharama zote za baada ya 31 Desemba 2025.

Nafuu yetu haisubiri mwisho wa mwaka, imo kwenye bei. Sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mwaka 2014 imeweka paneli, chaji kontrola, inveta ya sola na betri ya sola kwenye orodha ya bidhaa zilizosamehewa. Unaidai pale pale kaunta.

Dukani wameniambia betri ya lithiamu ni 2,000,000 bila risiti, nikitaka risiti ni 2,360,000. Hiyo 360,000 ya nini? (Msomaji, Ilazo)

Hapa ndipo watu wanapopigwa. 360,000 ni asilimia 18 ya milioni mbili, yaani VAT kamili juu ya bidhaa isiyotozwa VAT. Ama muuzaji hajui, ama anajua sana.

Rudi umwombe ankara kabla hujatoa hela, kila kitu na mstari wake: betri, inveta, nyaya, ufundi. Akiandika "sola kamili" kwa mkupuo, kataa. Nyaya, breka na ile TV waliyoipachika kwenye kifurushi havimo kwenye msamaha, na vikichanganywa na betri hutajua kodi imekaa wapi. Risiti ya EFD (ile mashine ya risiti za kodi) ikitoka usiikunje tu mfukoni. Soma sehemu ya kodi: kama umenunua betri peke yake, pasomeke sifuri. Kisha skani ile QR kwa simu uone kama TRA wanaitambua.

Haki ya muuzaji nayo niiseme. Kwa kuwa bidhaa imesamehewa, harudishiwi VAT aliyolipia pango au usafiri wa kuileta, kwa hiyo kidogo ataipachika kwenye bei. Kidogo, si laki tatu na sitini. Na hiyo ya milioni mbili bila risiti iache pia: mnunuzi asiyedai risiti naye ana kosa kisheria, na betri ikifa mwezi wa nne, warantii utaidai kwa karatasi gani?

Betri ya gari, N200, nayo ina msamaha nikiifunga kwenye sola? (Kijana wa Bahi)

Hapana. Hata ingekuwa nao nisingekushauri. Imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache injini iwake. Ukiikamua usiku kucha kwa taa na friji, haikai.

Fundi ameongeza VAT kwenye ufundi. Ni halali? (Nzuguni)

Msamaha ni wa bidhaa, si wa kazi. Kama kampuni yake imesajiliwa VAT, yuko sahihi. Kama hajasajiliwa, haruhusiwi kutoza hata shilingi. Ukiwa hapo hapo muulize leseni ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji.

Nina saluni Chang'ombe. Betri niliyofunga itanipunguzia kodi ya mapato? (Dada wa saluni)

Inategemea unalipaje, dada. Kama mauzo yako hayazidi milioni 100 kwa mwaka na unalipa kwa makadirio, kodi inapigwa kwenye mauzo, gharama zako hazitazamwi. Betri haikupunguzii kitu. Kama unaandaa hesabu za biashara, inaingia kama mali na unaikata kidogo kidogo kwa uchakavu, bora risiti iwe na TIN yako na betri iwe saluni kweli, si sebuleni.

Nisubiri bajeti ya Juni, huenda bei ikashuka? (Kongwa)

Mabadiliko ya kodi yanayopitishwa bungeni hapa mjini huanza 1 Julai, na yanaweza kukatisha msamaha kama yanavyoweza kuuacha. Kwa upande wa VAT huna cha kusubiri, iko sifuri tayari. Kama hela unayo, nunua.