Simu Imesema "Kijiko": Ni Kijiko Kipi?

SWALI: Ndugu mfamasia, pokea salamu kutoka Busia. Mtoto wangu wa miaka minne ameandikiwa dawa ya maji ya amoksisilini. Kwenye chupa muuzaji aliandika kwa kalamu "1 tsp TDS". Niliipiga picha kwa simu, na programu ya kutafsiri ikasema "kijiko 1 mara tatu kwa siku". Nilikuwa tayari nimeshika kijiko tunacholia wali, mama yangu akanizuia. Je, niiamini simu? Na je, naweza kuitumia kusoma vidonge vya presha vya mama?
Msomaji, Busia

JIBU: Dada mpendwa, nifikishie shukrani kwa mama, kwa sababu amemkinga mjukuu wake na kipimo kilichozidi mara tatu. Herufi "tsp" ni kifupi cha kijiko cha chai, ambacho katika vipimo vya dawa ni mililita 5, ilhali kijiko kikubwa cha mezani, kinachofupishwa "tbsp", ni mililita 15. Simu ilitafsiri neno tu, na neno letu "kijiko" hubeba vyote viwili. Hata kijiko cha chai cha jikoni kwako hakifai, maana vijiko vya nyumbani havilingani ukubwa. Omba dukani kikombe kidogo au bomba la kupimia lenye alama za mililita. "TDS" ni mara tatu kwa siku, "BD" ni mara mbili, na ukikuta "1x3" kwenye kifuko cha kaki, maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, wala si vidonge vitatu kwa mpigo.

Tazama pia maandishi ya kiwandani. Amoksisilini ya maji huuzwa kwa nguvu tofauti, zikiwemo miligramu 125 katika kila mililita 5 na miligramu 250 katika kila mililita 5: ujazo ni uleule, lakini dawa ni maradufu. Kwa hiyo ukipewa chupa iliyobaki kwa jirani, usifuate maelekezo ya chupa yako, hata kama simu imesoma jina lilelile.

Sikukatazi kuitumia simu. Inasaidia sana kukuza maandishi madogo, kukusomea karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, na kukuonyesha onyo kama vile "usitafune" au "ya kupaka tu". Google Translate imekuwa na Luganda tangu mwaka 2022, jambo ambalo litamfaa jirani asiyejua Kiswahili. Nikuombe jambo moja tu: maneno mwachie simu, lakini namba zisome kwa macho yako, kisha umsomee mfamasia kabla ya dozi ya kwanza. Chupa ya mviringo hupinda maandishi, karatasi ya fedha ya vidonge humeta, na nukta iliyofifia inaweza kuigeuza 2.5 kuwa 25.

Kwa vidonge vya mama, hatari iko mahali pengine. Maduka mengi hukata pakiti kwa mkasi ili kuuza vidonge vichache, na mara nyingi jina au tarehe ya kuisha muda hubaki kwenye kipande cha muuzaji. Hapo kamera haina cha kusoma, na programu ya akili mnemba ukiielezea rangi na umbo la kidonge itakubahatishia, kwa kuwa vidonge vyeupe vya mviringo ni vingi mno. Omba jina, nguvu na tarehe viandikwe kwenye kifuko kabla hujaondoka. Programu hiyo pia haijui dawa nyingine anazomeza mama; hayo mweleze daktari wake. Na unapopiga picha, funika jina la mgonjwa kwa kidole.

Sasa rudi kwa mtoto. Nenda na chupa dukani leo, mwombe mfamasia avute mililita 5 mbele yako na aweke alama kwenye bomba, naye akumbuke kuuliza uzito wa mtoto, kwa sababu dozi ya mtoto hukadiriwa kwa kilo. Ikiwa ni unga uliochanganywa na maji, andika kwenye chupa tarehe ya kuchanganywa: baada ya hapo dawa hudumu siku chache tu, na idadi yake imeandikwa kwenye lebo. Tikisa chupa kila mara kabla ya kupima.