Jibu kwa mtumishi wa Masasi: TV ya mtandaoni ya kanisa haianzi na kamera

Mtumishi, Bwana asifiwe. Umeuliza kama kanisa lenu hapo Masasi litoe hizo milioni alizotaja fundi kwa ajili ya kamera mbili, taa na mazagazaga mengine ili mfungue TV ya mtandaoni. Mimi nakaa kwenye miksa (kifaa cha kuchanganya na kupanga sauti) ya kanisa letu hapa Mtwara mjini na ndiye ninayerusha ibada laivu. Kwa maoni yangu kamera msinunue sasa hivi. Hela hiyo iende kwenye sauti.

Picha ikiwa na ukungu kidogo lakini mchungaji anasikika vizuri, mtu anabaki. Sauti ikikwaruza, anaondoka kabla hata somo la kwanza halijasomwa. Simu nzuri kwenye stendi inatosha kwa picha. Tatizo la makanisa mengi ya kwetu ni kurusha kwa maiki ya hiyo hiyo simu ikiwa kule nyuma: mvua inapiga bati, feni zinanguruma, neno lenyewe halisikiki.

Chukueni sauti kwenye miksa, ila si kwenye lile tundu kuu linalopeleka spika. Ndani ya kanisa ngoma zinajisikia zenyewe na kwaya ina nguvu yake, kwa hiyo mtu wa miksa huzishusha na kupandisha kinanda. Ukirusha sauti iliyopangwa hivyo, aliyeko Mbagala anasikia kinanda kinatembea peke yake, kwaya imezama, na mchungaji akisema "Haleluya" hakuna anayemjibu. Tumieni njia ya pembeni, ile ya AUX, muipange kivyake mkisikiliza kwa hedifoni, na muweke maiki moja inayotazama waumini. Ile "amina" ya watu ndiyo inayomfanya aliye mbali ajione yupo kanisani.

Kurusha kwenyewe si kazi kubwa. OBS Studio ni programu ya bure ya kurushia laivu, inakaa kwenye laptop ya kawaida. YouTube wanataka uwe na wafuatiliaji wasiopungua 50 ndipo urushe kwa simu. Ukirushia kwenye kompyuta hilo sharti halipo. Ombeni ruhusa ya kurusha laivu mapema, kwa sababu mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 24. Kuna watu wanaanza kuhangaika nayo Jumapili asubuhi.

Sasa bando. Mkirusha kwa kasi ya kilobiti 1,500 kwa sekunde, ibada ya saa mbili inakula GB 1.3 na ushee upande wenu. Hiyo mnaimudu. Mtazamaji je? Mama wa Nanyumbu anayeweka bando la siku hatalimalizia kwenye ibada moja. Halafu ukifika msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, nusu ya washarika wako mashambani. Laivu yetu wanaitazama zaidi watoto wa Kusini walioko Dar. Watu wa huku huku tunawafikia kwa WhatsApp: mahubiri ya nusu saa, sauti tupu ya kilobiti 64, ni kama MB 14 tu, na mtu mmoja akishapakua anawarushia wenzake kwa Bluetooth bila senti. Kwangu mimi hiyo ndiyo TV yenyewe, hata kama haina picha. Kata pia vipande vya dakika mbili tatu vyenye maandishi chini, maana wengi wanatazama simu ikiwa kimya.

Rekodini kila ibada kwenye mashine yenu kwanza, laivu iwe ya pili. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini zilipopata hitilafu, intaneti ilisumbua nchi nzima. Aliyekuwa amerekodi alipandisha baadaye. Facebook nao tangu Februari 2025 wanatunza video za laivu siku 30 tu kisha wanafuta, msiwaachie ghala lenu. Umeme mnajua wenyewe ulivyo: UPS ndogo (betri ya akiba) kwa ajili ya ruta na miksa ni ya lazima kuliko taa za fundi wako.

Kwaya iimbe nyimbo zake. Wakiimbia juu ya biti ya mtu iliyopakuliwa mtandaoni, YouTube wanaitambua na video inaweza kuzuiwa, mkabaki mnabishana na mashine.

Kuna mambo hayahusu vifaa. Anayekuja mbele kuombewa au kutoa ushuhuda wa ugonjwa wake hajakubali kuonekana dunia nzima. Muulizeni kabla, na watoto waulizieni wazazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, si suala la ustaarabu tu. Kumbukeni pia mnaishi na Waislamu, wengine ni shangazi na wajomba zenu. Neno la kejeli linalopita ndani ya kuta nne, likikatwa sekunde 20 likazunguka kwenye magrupu, litawavunjia ujirani. Na kwenye maoni wekeni mtu wa kufuta matapeli: wanafungua akaunti yenye picha ya mchungaji na kuandika "tuma sadaka namba hii". Namba ya kanisa isomeke kwenye skrini muda wote.

Kuhusu leseni, TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) wana kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa tena baadaye. Kabla hamjabandika neno "TV" kwenye bango, waulizeni wenyewe mko kundi gani. Msiende na maneno ya fundi.

Ukipata nafasi, andika hapa miksa yenu ni ya aina gani na ina tundu ngapi za AUX nyuma. Nitakuambia waya wa kununua.