Mshirazi na Mwajemi ni kitu kimoja?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niliandika "masultani wa Kilwa walikuwa Waajemi", mwenzangu akafuta akaweka "Washirazi", mwingine akasema yote sawa tu. Lipi sahihi?

JIBU: Marahaba. Sio sawa hata kidogo, na mi hili linaniuma maana naliona likivurugwa kila siku. Mwajemi ni mtu wa Uajemi, yaani Iran ya leo, hapo unataja alikotoka basi. Mshirazi kwa watu wa mwambao ni jina la nasaba. Watu wa Tumbatu, Pemba na kusini mwa Unguja wamejiita Washirazi vizazi na vizazi na ni wenyeji kabisa, Kiswahili ndo lugha ya mama, na ndo hao waliotiwa kwenye jina la chama cha Afro-Shirazi mwaka 1957. Ukiwaita Waajemi umewahamisha kwao.

Sasa Kilwa. Hadithi ya kale inasema merikebu saba zilitoka Shiraz, mji wa Uajemi, Ali bin al-Hassan akashukia Kilwa, akakinunua kisiwa kwa nguo, vitambaa vya kutosha kukizunguka chote. Hadithi tamu, ila Shiraz iko bara, haina bahari. Neville Chittick aliyechimba magofu ya Kilwa miaka ya 1960 alisema watawala hao walitokea pwani ya Banadir, Somalia, kwenye miaka ya 1200 hivi. Halafu mwaka 1984 Mtambwe Mkuu, Pemba, zikafukuliwa sarafu zenye jina la Ali bin al-Hassan pamoja na dinari za Wafatimi, watawala wa Misri wa karne ya 11, ikabidi Ali arudishwe nyuma hadi karne ya 11. Hizo sarafu za Kilwa mi nazipenda mno, vipande vidogo tu, upande mmoja jina la mtawala na la babake, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili zina vina kama ubeti wa utenzi.

Mwaka 2023 ikatoka DNA ya mifupa ya makaburi ya kale ya mwambao, ikaonyesha damu ya Kiajemi imo kweli tangu mwaka 1000 hivi, kuumeni zaidi, na kuukeni ni Waafrika. Kwa hiyo anayesema Uajemi ni uzushi mtupu naye kakosea. Ila mifupa ile ni ya watu wa miji ile kwa jumla, haijatuambia Ali alikuwa nani.

Ndo maana mi nashauri "nasaba ya Kishirazi". Ile ki- inataja namna na mila, haikulazimishi kuapa kwamba babu alizaliwa Shiraz. Ukitaka kutaja asili tia "inasimuliwa" au "waliojinasibisha na".

Na mwenzako aliyefuta naye kakosea, kwa sababu "masultani wa Kilwa" si ukoo mmoja. Mwishoni mwa karne ya 13 waliingia Mahdali, masharifu waliojinasibisha na Yemen, na ni Mahdali, al-Hassan bin Suleiman, ndiye aliyempokea msafiri Ibn Battuta wa Moroko mwaka 1331.

Iandike hivi: "Masultani wa kwanza wa Kilwa walikuwa wa nasaba ya Kishirazi, iliyojinasibisha na Uajemi, na baada yao wakatawala Mahdali."