Kabla hujagonga mhuri kwenye mchoro wa mbele ya duka

Jumanne iliyopita nilikaa nyuma kabisa kwenye kikao chetu cha kupitia michoro ya wapangaji wa jengo letu la maduka, nikanyamaza makusudi. Mdogo wetu mmoja, kijana mwenye jicho zuri na mkono mzuri, alikuwa anasimamia fremu mpya, yaani chumba cha duka, ya ghorofa ya chini, ile inayotazamana na eskaleta. Dakika arobaini zikaishia kwenye rangi ya herufi: kijani hiki kimekolea, kile kimepauka, herufi zipandishwe kidogo. Aliandika maoni kumi na manne, na hakuna hata moja lenye kipimo. Nikamuuliza seksheni iko wapi, yaani mchoro unaoonyesha fremu kana kwamba imekatwa wima. Akasema, "Mkuu, mpangaji ataileta baadaye, ila picha ya 3D ipo."

Jibu hilo nalijua. Nililitoa mimi, karibu kwa maneno hayohayo, mwaka wangu wa pili kazini, na likamgharimu mtu. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mlioingia mwaka huu. Nawapenda kweli, lakini mnanikosesha usingizi.

1. Seksheni kwanza.

Picha haina unene. Haikuambii bango limeshikwa na nini, shata, yaani mlango wa chuma wa kukunja, linajikunja wapi, wala kama boksi la shata limeziba sprinkla ya korido, ile ya kunyunyiza maji moto ukitokea. Mchoro usio na seksheni kutoka sakafuni hadi chini ya slabu, yaani zege la juu, urudishwe siku hiyohiyo, kwa heshima, bila kuandikiwa maoni yoyote. Ukishaanza kutoa maoni juu ya picha, mpangaji anaelewa kwamba mapitio yameanza, na fundi wake kesho yake anaitisha alumini.

2. Pima mwenyewe.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Alikuja mama mmoja aliyekuwa na fremu mbili Kariakoo, anauza nguo za watoto. Alikuwa amechukua mkopo ili aingie kwenye jengo letu, na hesabu yake yote ilikuwa Idi: afungue wiki mbili kabla ya Ramadhani, auze mwezi mzima. Mliokulia Dar mnajua nguo za watoto zinavyotoka siku zile. Michoro yake ikafika mezani kwangu. Nikairudisha mara tatu kwa sababu ya rangi ya waridi ya herufi. Mara tatu! Mara ya nne nikagonga mhuri, nikajiona nimelilinda jengo.

Vioo vilikuwa vitatu, vya tempadi, milimita kumi na mbili, urefu wa kwenda juu 2,980. Msanifu wake alichukua kimo cha uwazi kutoka kwenye michoro ya jengo, ambayo ilisema 3,000. Nami niliithibitisha 3,000 kwa michoro ileile, nikiwa nimekaa kwenye kiti. Kutoka ofisini kwangu hadi kwenye fremu ile ni mwendo wa dakika nne.

Vioo viliagizwa nje, vikachukua wiki sita. Vikafungwa usiku, kama kawaida yetu, baada ya saa nne wateja wakishatoka. Cha kwanza kushoto kikaingia vizuri. Cha pili kikaingia kwa kubembelezwa. Cha tatu kikagoma. Sakafu ya pale inapanda taratibu kuelekea kwenye jointi ya jengo, yaani pale sehemu mbili za jengo zinapokutana, huioni kwa macho, lakini kutoka pembe moja ya fremu hadi nyingine inapanda milimita ishirini na nane. Upande wa kulia uwazi ulikuwa 2,972. Kioo kimezidi uwazi kwa milimita nane, na hapo hujahesabu nafasi ya chaneli, ule mfereji unaoshika kioo, wala ya kuinamishia.

Saa saba usiku fundi mkuu akanipigia. Akasema kijana wake anaweza kusaga ukingo wa chini kwa grainda, atoe kama sentimita mbili. Nilikuwa kitandani. Nikasema, "Jaribuni, ila polepole."

Msidhani kila mtu anajua hili, mimi sikulijua na nilikuwa na shahada ukutani. Kioo cha tempadi hukatwa na kutobolewa kabla. Kisha hupashwa moto kupita nyuzi 600 na kupulizwa hewa ya baridi ghafla, ngozi yake ikabana na moyo wake ukavutika. Nguvu yake yote inatokana na mvutano huo. Ukikichokoza ukingo kikiwa kimeshatoka kwenye tanuri, hakikatiki. Kinapasuka chote kwa mara moja, kutoka chini hadi juu.

Nilifika saa nane. Korido nzima imetapakaa punje mithili ya chumvi ya mawe, nyingine zimeingia kwenye meno ya eskaleta. Kijana amekaa juu ya ndoo ya rangi, miwani bado ipo usoni, na ndiyo iliyomwokoa macho. Mkono wake umefungwa fulana, damu imepita upande wa pili. Alishonwa nyuzi sita. Hakunilaumu hata kidogo. Aliniamkia, "Shikamoo, bosi," kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuvunja mali.

Kioo kingine kikaagizwa, safari hii kimekatwa mshazari kufuata sakafu. Wiki sita tena. Idi ikapita fremu ikiwa imezibwa kwa mbao. Siku moja ndani ya Ramadhani nilimkuta yule mama nyuma ya mbao, amekaa juu ya maboksi ya magauni, anayapanga upya kwa umri. Nikaanza kueleza habari za msanifu na michoro ya jengo. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi michoro siijui. Niliona mhuri wako, nikaamini."

Alifungua wiki moja kabla ya Idi ya kuchinja. Duka lipo mpaka leo.

Sasa basi: uwazi unapimwa sehemu tatu kwa kimo, kushoto, katikati, kulia, na sehemu tatu kwa upana, juu ya malumalu zilizokwisha kulazwa, na namba zinaandikwa kwenye mchoro kwa mkono wako. Kioo kisiagizwe mpaka namba hizo ziwepo. Na mtu akikupigia saa saba usiku, vaa viatu uende.

3. Paneli za alumini: uliza moyo wake.

Msikubali kuambiwa "ni zile za kawaida". Karatasi mbili za alumini zinaweza kuwa zimebana polithini, aina ya plastiki, na polithini inawaka. Juni 14, 2017 jengo la Grenfell Tower huko London liliungua, wakafa watu 72, na paneli za namna hiyo ndizo zilizoupandisha moto ghorofa hadi ghorofa kwa kasi ile. Duka letu halina ghorofa ishirini na nne, lakini mbele yake ndiyo njia ya watu kukimbilia nje. Taka karatasi ya mtengenezaji inayotaja moyo wa paneli na daraja lake la moto, pamoja na kipande cha sampuli. Mkandarasi akinuna, mwache anune. Hapa sina maridhiano na mtu.

4. Jua.

Hili ni kwa fremu zinazotazama nje, kwenye maegesho. Hapa Dar jua linapita utosini mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Juni linaegemea kaskazini, Desemba kusini. Kibaraza cha mita moja kinaweza kukinga kioo cha kaskazini vizuri kabisa. Cha magharibi hakikikingi, maana saa kumi na moja jioni jua limeshuka, linaingia chini kwa chini. Nimeona mashati meusi ya dirishani yakigeuka kahawia ndani ya miezi michache, upande mmoja tu, ule uliotazama nje. Uliza dirisha linatazama wapi, uliza kinachopangwa pale ni nini.

5. Madogo madogo.

Mlango usifunguke kuja kwenye korido ukapita mstari wa pango, yaani mpaka wa eneo alilokodi mpangaji. Springi ya sakafuni, ile inayorudisha mlango ujifunge, inataka shimo, na chini ya ghorofa ya chini kuna maegesho, kwa hiyo seksheni ya slabu lazima iwepo. Adapta za taa za bango ziwekwe panapofikika kwa ngazi ya kawaida. Upepo wetu una chumvi: skrubu za nje ziwe za chuma kisichoshika kutu, la sivyo paneli nyeupe italia machozi ya kahawia kabla ya masika ya pili.

6. Tenganisheni lazima na pendekezo.

Maoni kumi na manne yaliyopangwa sawasawa yanamfanya mpangaji arekebishe yale rahisi na kuliacha lile moja linaloua. Andika juu: haya yanazuia kazi. Chini: haya ni ushauri. Rangi ya herufi, ikiwa imo ndani ya mwongozo wetu, ni ya mwenye duka.

Na mwenye duka msikilizeni. Watu wa Kariakoo wanajua mbele ya duka kuliko sisi tuliosomea; wamesimama kibarazani miaka ishirini wakitazama mguu wa mteja unapunguza mwendo wapi. Yule mama, siku ya kwanza kabisa, aliniuliza mtoto aliyebebwa mgongoni ataona nini akipita. Sikuwa na jibu, nikarudi kwenye rangi ya waridi. Baadaye alishusha mwenyewe rafu moja ya dirishani na kupandisha nyingine.

Fremu ya kwenye eskaleta inarudi mezani Jumanne hii. Nimemwomba mdogo wetu tukutane kesho saa moja asubuhi, kabla milango haijafunguliwa. Yeye aje na leza, mimi nitakuja na tepu na pima maji. Jointi ya jengo inapita palepale, upande wa kulia.